Aya ya Saba

4 Machi

Dada yangu mpenzi,

Nesi ameniletea daftari lako la Februari leo mchana. Nimelisoma nikiwa nimesimama mlangoni, hata mkoba sijautua. Ninyi wanawake sabini na wanne wa kikundi cha sala mmenipa miaka mitatu ya Alhamisi zenu. Kila wiki mmenyoosha mkono mkapimwa presha, kila jioni mmeandika kama mmegombana na waume zenu, kama mmesali pamoja, kama mmesameheana. Hakuna mwanasaikolojia hapa chuoni mwenye hazina kama hiyo. Wenzangu wananionea wivu waziwazi.

Habari kubwa ni hii: Jumanne saa nne asubuhi nitakuwa redioni kueleza utafiti wetu. Fungulia redio hapo kwenye cherehani zako, mafundi wako wasikie. Mwambie na Shemeji, yule anayesema nimesomea umbeya hadi shahada ya tatu.

Na yale ya ukurasa wa mwisho nimeyasoma, Dada. Sikujua. Tangu mazishi ya mtoto? Umebeba peke yako muda wote huo? Usiwe na wasiwasi. Yatabaki kwangu na kwenye daftari.

Mdogo wako,
Chiriku


11 Machi

Chiriku,

Nilikuwa natia zipu kwenye gauni la bibi harusi. Redio nimeifungulia mwisho, mpaka wapita njia wanageuka. Mafundi wangu wawili walikuwa wanapiga makofi kila ulipotajwa, "Mdogo wake Mama! Mdogo wake Mama!" Kisha mtangazaji akakuomba utoe mfano.

"Nina mshiriki mmoja," ukasema, kwa ile sauti yako ya mwanafunzi anayewahi kunyoosha mkono. "Ni fundi wa nguo. Mwanawe wa pekee alifariki kwa homa miaka tisa iliyopita. Mume wake ndiye anayeongoza sala kwenye kikundi chao. Kila jioni anapiga magoti kando ya mumewe, na kila jioni hasali. Anahesabu vigae vya kijani vya sakafuni mpaka mume aseme amina."

Cherehani zikanyamaza. Fundi mmoja akainama kutafuta pini ambayo haikuanguka.

Mume wangu Mwalimu alikuwa kwa kinyozi. Nako kulikuwa na redio. Alikuja nyumbani upande mmoja wa kichwa umenyolewa, upande wa pili bado, na taulo la kinyozi shingoni. Hakuingia. Alisimama pale mlangoni akasema, "Miaka tisa nilidhani tuko wawili pale chini." Kisha akachukua mto wake akahamia chumba ninachowekea vitambaa. Jana amekwenda kuwaambia wanakikundi watafute mtu mwingine wa kuwaongoza. Walimuuliza sababu kwa adabu tu. Sababu walikuwa nayo wote.

Usije. Usipige simu.

Dada yako


18 Machi

Dada,

Simu zangu hupokei, basi barua hii nimempa nesi.

Nisikilize kwanza. Sikutaja jina. Sikutaja mji wala mtaa. Mafundi wa nguo ni maelfu, na waliofiwa na watoto ni wengi kuliko tunavyopenda kufikiri. Baada ya kipindi watu kumi na wanane walipiga simu kituoni, wengine wakilia, wakisema nao hujifanya wanasali kwa sababu hawataki kumwacha mtu wao peke yake. Umewasaidia watu usiowajua. Hilo nalo lina thamani.

Pole kwa ya Shemeji. Atapoa. Mwanaume akishanyolewa upande wa pili ataona kwamba hakuna aliyekufa.

Lakini naogopa kwa ajili yako. Sisemi kama mdogo wako tu. Takwimu zetu wenyewe zinaonyesha wazi: mtu akishika kinyongo, presha yake hupanda ndani ya wiki sita na usingizi wake huharibika. Samehe, Dada, kwa afya yako. Nimekuambatishia zoezi la msamaha. Ni hatua tano tu, ukurasa mmoja.

Wako kila siku,
Chiriku


2 Aprili

Daktari,

Zoezi la msamaha limefika. Nimelikatia kiolezo cha kola. Karatasi yake ni ngumu, inashika kona vizuri.

Umeandika kwamba hakuna aliyekufa. Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi, nikakumbuka kwamba mwanangu alikuita mama mdogo.

Juzi Mwalimu alinisemesha, mara ya kwanza tangu siku ile. Aliniuliza, "Ni vingapi?" Nikamjibu, "Arobaini na viwili. Kimoja kimepasuka." "Hicho nilikipasua mimi," akasema. "Siku tuliyomzika. Kwa nyundo. Nikaweka mkeka juu usikione siku ile." Kisha akarudi kwenye vitambaa vyake akafunga mlango. Maneno hayo tungeyafikia wenyewe, mimi na mume wangu, siku yetu na mahali petu. Wewe umetufikisha tukiwa uchi, mji mzima umesimama unatazama.

Jambo lingine. Ile fomu uliyotusainisha siku ya kwanza nimeitoa sandukuni. Nimevaa miwani nikaisoma yote, mara mbili. Aya ya saba nimeielewa vizuri sana. Umeiandika kwa Kiswahili safi.

Mshiriki namba 31


6 Mei

Kwa Mtafiti Mkuu,
Idara ya Saikolojia ya Jamii

YAH: KUFUNGWA KWA UTAFITI WA NDOA, SALA NA AFYA

Kamati ya Maadili imepokea barua sitini na moja kutoka kwa washiriki wa utafiti wako, zote zikinukuu aya ya saba ya fomu ya ridhaa, ambayo inampa kila mshiriki haki ya kujitoa wakati wowote bila kueleza sababu, na kutaka taarifa zake zote zifutwe.

Kamati haina uamuzi mwingine ila kuziheshimu. Unaagizwa kuteketeza madaftari na vipimo vya washiriki hao ndani ya siku thelathini, na kusimamisha mara moja ziara za muuguzi. Huruhusiwi kuwasiliana nao kwa njia yoyote kuhusu utafiti huu. Washiriki kumi na watatu waliobaki hawatoshi kuuendeleza. Kuhusu yaliyosemwa redioni, utaitwa kujieleza. Maombi yako ya uprofesa yamesitishwa hadi hapo.

Wako katika kazi,
Katibu wa Kamati


14 Mei

Dada,

Nimekatazwa kumwandikia mshiriki. Namwandikia aliyenifundisha kufunga viatu.

Sitini na moja! Ulizunguka nyumba ngapi? Nilikosea, hilo nimeshalikubali mbele ya wakubwa zangu, nikiwa nimesimama kama mtoto aliyevunja sahani. Lakini mimi nilitoa siri moja. Wewe umeua kazi ya miaka sita, mitatu ya kuiandaa na mitatu ya Alhamisi zenu, na umeiua kwa utulivu, sahihi baada ya sahihi. Wiki nzima nimekuwa nikiyatia madaftari kwenye mashine ya kuchana karatasi. La kwako nililitia kwa mkono wangu.

Karatasi zimechanika, kichwa changu hakijachanika. Kwa hiyo pokea hili, maana redioni muda uliniishia. Unakumbuka ule mwezi uliokaa na mashine ya kujipima nyumbani, kabla ya sala na baada ya sala? Katika wanawake wote, hakuna aliyeshuka presha kama wewe. Kila jioni. Wale waliosali kwa machozi hawakukufikia. Wewe uliyehesabu vigae, dakika ishirini bega kwa bega na mume wako, ulitoka pale na damu tulivu kama ya msichana. Haikuwa sala, Dada. Alikuwa ni yeye.

Na sasa hupigi magoti na mtu. Jipime, uone.

Chiriku


24 Mei

Daktari,

Hilo la presha umeliweka kama kisu, na limeingia. Hongera. Sasa nisikilize na mimi.

Nilizunguka wiki nne. Nilivaa utepe wangu wa kupimia shingoni, mume wa mtu akifungua mlango nasema nimekuja kuchukua vipimo vya gauni. Tukibaki wawili chumbani nasema, "Jana ilikuwa mimi. Kesho daftari lako." Wengine walikuwa na barua mkononi kabla sijamaliza kukaa. Waliositasita niliwaambia umeshapangiwa kipindi cha pili na umeshachagua wa kumsema. Ulikuwa uongo. Niliusema nikiwatazama machoni, na ulimi haukunikwama hata mara moja.

Mama Mapacha, jirani yangu tunayegawana ukuta, alisaini. Ana lake alilokuandikia, sijui ni lipi na sitaki kulijua. Aliniuliza, "Na presha je? Nesi alisema imepanda, nipumzike, atapima tena Alhamisi." Nikamwambia, "Namba zao ni za kujazia vitabu vyao. Wewe si unajisikia mzima?" Akasema mzima.

Alhamisi nesi alikuja akakuta milango imefungwa mtaa mzima, kama watu wamehama. Nilimtazama kupitia pazia akigonga nyumba hadi nyumba na begi lake. Siku hiyo nilikula nikashiba, kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Ulitaka kujua maumivu ya mtu aliyevuliwa nguo hadharani yanafananaje. Sasa unaweza kuyaandikia kitabu.

Mshiriki namba 31


3 Juni

Dada,

Weka hasira pembeni kwa dakika moja, kisha uirudie.

Nilipokuwa nafuta vipimo vya mwisho niliona cha Mama Mapacha, cha Alhamisi ya mwisho aliyopimwa. Sina ruhusa ya kukuambia ni kiasi gani, na sina ruhusa hata ya kukikumbuka. Nakuambia tu: mpeleke hospitali. Wiki hii. Usingoje aumwe, maana huenda asisikie chochote mpaka siku yenyewe.

Kamati nimewaomba kibali cha kumwandikia mwenyewe, wanakutana mwisho wa mwezi. Nesi alikwenda kwa hiari yake jana, hakufunguliwa. Umebaki wewe tu, una mlango wa jikoni unaopakana na wake.

Si ujanja. Nakuapia kwa mtoto wetu.

Chiriku


9 Juni

Daktari,

Mlango wa mbele umefungwa, sasa unapenya dirishani.

Naona jinsi ulivyopanga. Nimpeleke mmoja hospitali, wa pili aogope, wa tatu aulize nesi yuko wapi, na mwezi ujao wote wamerudi kukunyooshea mikono. Na mtoto usimwapie. Mdomo wako umeshamtumia vya kutosha.

Mama Mapacha nimemsikia leo asubuhi ukutani, anaimba na kufua. Mgonjwa gani anaimba hivyo?

Barua yako nimeichoma.

Mshiriki namba 31


7 Julai

Chiriku,

Sijui nianzie wapi, nitaanzia kwenye kamba ya nguo.

Jumamosi saa tatu asubuhi alikuwa anaanika mashuka. Nilisikia beseni linaanguka, nikadhani ni paka. Kisha pacha mmoja, binti, akaanza kupiga kelele. Nilimkuta chini, shuka limemfunika nusu, jicho moja linanitazama na jingine halitazami popote. Ni kiharusi. Upande wote wa kulia hauna kazi. Ulimi nao umekwenda. Anatoa sauti, lakini si maneno.

Daktari alimuuliza mumewe, "Hakuwahi kupimwa presha?" Yule baba akajibu, "Alikuwa anapimwa kila Alhamisi. Sijui kwa nini waliacha kuja." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika mfuko wa nguo zake. Nikatazama sakafu.

Sasa yuko nyumbani. Kila asubuhi nakwenda kumwosha na kumlisha uji. Mumewe ananishukuru mbele za watu. Ananiita dada. Kila akiniita hivyo natamani ardhi ipasuke niingie.

Nilitaka kukuumiza wewe. Nataka uelewe hivyo. Sikumwona yeye hata kidogo. Alikuwa sahihi moja kati ya sitini na moja.

Nakuomba neno moja tu. Ile barua yako ya Juni haipo tena. Tunaojua ni mimi na wewe. Iache ibaki hivyo.

Dada yako


13 Julai

Dada,

Nakala ninayo. Barua zangu huwa naziandika mara mbili, ni tabia ya kazi.

Nimelia kwa ajili yake kwanza, nikamaliza. Kisha nikachukua bahasha nikaandika anwani ya mumewe. Nikaitia nakala ndani. Nikailamba, nikaifunga. Na nilipokuwa naifunga niliona mikono yangu inafurahi, Dada. Nikaitambua furaha hiyo. Nilikuwa nayo studioni.

Nikuambie ukweli wa siku ile, maana nao nilikuficha. Maneno hayakuniponyoka. Mtangazaji alikuwa anapiga miayo, anatazama saa. Nilipotaja fundi aliyefiwa, akaacha. Nilipoona ameacha, nikaongeza mume anayeongoza sala. Nikaongeza vigae, nikaongeza hata rangi yake. Ningeweza kusema ni muuza maua, ningeweza kusema alifiwa na binti, na wewe usingeguswa. Nilitaka anitazame. Nilijua utakuwa unasikiliza, nami nikaendelea.

Kwa hiyo mtakatifu hayupo kati yetu. Lakini uliyoniomba siwezi. Mara ya kwanza nilisema pale nilipotakiwa kunyamaza, na sasa unataka ninyamaze pale panapotakiwa kusemwa. Bahasha iko mezani kwangu. Ikifika mwisho wa mwezi hujawaambia mwenyewe, yeye na mumewe, nitaituma. Wala sitajidai kwamba ni kwa ajili yao tu. Sehemu kubwa itakuwa ni kwa ajili ya miaka yangu sita.

Chiriku


2 Agosti

Chiriku,

Nimewaambia. Unaweza kuichana bahasha yako, au uitume, sasa ni mamoja.

Nilianza na Mwalimu. Nilisemea nje ya mlango wa chumba cha vitambaa, kwa sababu ndani sikaribishwi. Nilisema yote, uongo niliowaambia wanawake, barua niliyochoma. Nikadhani amelala. Kisha akatoka amevaa viatu. "Twende," akasema. Tukaenda, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipofika kwa Mama Mapacha alikaa nje kwenye ngazi, akaniacha niingie peke yangu.

Yule baba alikuwa anakunja mashuka. Nilisema nikiwa nimesimama. Hakunipigia kelele, nilitamani angenipigia. Aliuliza, "Barua ilikuja lini?" Nikasema mwanzoni mwa Juni. Akahesabu kwa vidole, taratibu, wiki kwa wiki mpaka Jumamosi ile, akapata nne. Akaendelea kukunja shuka. Mwisho akasema, "Kesho uje saa moja kamili. Mimi naingia kazini saa mbili, na hapa hakuna mtu mwingine." Hakuniita dada.

Mama Mapacha alikuwa kitandani, mlango wazi, amesikia kila kitu. Ulimi ndio umekwenda, masikio yake mazima. Asubuhi yake nilikwenda na bakuli la uji kama kawaida. Nilipoleta kijiko alifunga mdomo. Nikangoja. Nikajaribu tena, akageuza uso ukutani, ule ukuta wetu. Sasa anakula kwa mkono wa binti yake tu, kabla hajaenda shule. Mimi nimebaki na kufua.

Nimezunguka tena zile nyumba, safari hii bila utepe shingoni. Niliwaambia kwamba niliwadanganya, waende wakapimwe. Nane walinisikiliza. Waliobaki wanasema umenirubuni, au nimetishwa. Mmoja aliniambia, "Ulitutoa wewe, sasa unaturudisha wewe, sisi ni mbuzi wako?" Uongo wangu umewakaa kuliko ukweli wangu, na sijui nifanye nini. Ukipata kibali mtume nesi, afungue kituo pale shuleni, kila mtu aende kwa miguu yake. Wewe usije. Sijakusamehe, Chiriku. Nimejaribu kuutafuta msamaha nisiupate, na sitaki kukuandikia nisicho nacho.

Leo nilikuwa namalizia kufua chumbani kwake. Nilipoinama kuokota beseni niliona ananitazama, macho yote mawili kwa pamoja, jambo ambalo lilikuwa halijawezekana tangu aanguke. Nikamwita jina lake. Nikasema, "Unaniona? Unaniona vizuri?" Nilikuwa karibu kulia kwa furaha, nikataka nimwite mumewe.

Akainua mkono wake wa kushoto, polepole, ukimtetemeka kwa kazi, mpaka ukanyooka. Akanionyesha mlango.

Dada yako